Mtoto wa Sifuri

"Fundi, mama anaangalia tena bale banamuke banatikisa viuno."

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa asubuhi ile. Hakuna jambo, hakuna habari ya kulala. Aliyepiga simu alikuwa bibi ya Hadji, yaani mke wake, kutoka Beni, na mimi nilikuwa Butembo, katika karakana yangu ndogo ya mtaa wa Vulamba, kompyuta ya mtu imefunguliwa mapajani. Ilikuwa mara ya nne katika wiki mbili.

"Haiwezekani," nikamwambia.

"Haiwezekani, mais iko! Mama amefunika uso na kitenge, anasema astaghafiru, na télécommande hapana saidia kitu. Kuya uone mwenyewe."

Nikafunga macho. Mimi si mtu wa uvumilivu, waliosoma nami wanajua, na mume wangu anajua kuwapita. Lakini ile mashini ya kugawa picha niliiunda kwa mikono yangu, na hasira yangu yote haikuwa na pa kwenda isipokuwa kunirudia.

Hadji ni mtu wa malori. Magari yake yanakwenda Kasindi mpakani yanarudi, na nyumba yake ya Beni ina televisheni tatu: moja saluni, yaani sebuleni, moja kwenye hangari ambako madereva wanangoja zamu, na moja chumbani kwa mama yake. Alichoshwa na ugomvi wa télécommande, ile rimoti, akaniita. Alitaka mashini moja itakayogawa picha nyumba nzima, kila televisheni ipate yake bila mtu kugusa kitu. Saluni wapate muziki na michezo ya kuigiza ya Kinshasa, madereva wapate mpira, na mama apate Makka. Makka tu, mchana na usiku. Miguu ya mama ilikuwa imekataa kazi tangu mwaka uliopita, na kile kioo ndicho kilikuwa dirisha lake.

Bon. Nilichukua kompyuta ya zamani lakini nzima, nikaiwekea Linux, nikaichomekea clé tatu za televisheni, vile vidude vidogo vya kuchomeka, nilizonunua Kasindi. Kila clé inapokea picha kutoka dekoda yake. Mashini inapowaka, inazipa clé zile numero: sifuri, moja, mbili. Mimi nikaandika ndani: sifuri iende kwa mama, moja iende saluni, mbili iende kwa madereva. Ikafanya kazi siku ile ile. Hadji alipiga makofi, nikalishwa pilau, nikarudi Butembo kichwa kimevimba.

Kisha Hadji akaondoka kwenda hija. Na hapa ndipo jambo lilipokuwa zito. Hakwenda kwa ajili yake, yeye alikwishakwenda zamani, ndiyo maana anaitwa Hadji. Mara hii alikwenda kwa niaba ya kaka yake mkubwa, aliyekufa kwenye barabara ya Kasindi, lori limekosa breki, kabla ya kuiona Makka. Mama yao alinishika mkono siku ile niliyomaliza kuweka mashini. Vidole vyake vyote ni mifupa, lakini vilikaza.

"Siku ya Arafa," akaniambia, "ule mwanangu wa pili atasimama pale kwa jina ya yaya yake, mukubwa wake mwenye alikufa. Mi nataka nione ile kilima na macho yangu. Nikishaiona, ata Mungu aniite kesho yake, nitaitika."

Nikamwambia, mama, utaona. Nilisema kirahisi, kama mtu anayeahidi chai.

Sasa zilibaki siku kumi na moja, na mama alikuwa anaona viuno.

Mara ya kwanza nilicheka. Niliingia ndani ya mashini kwa mbali, kupitia internet, nikakuta clé ya Makka imekuwa moja na ya Kinshasa imekuwa sifuri. Nikageuza maandishi yangu, nikasema kazi kwisha. Siku mbili baadaye courant ya umeme ikakatika Beni, ikarudi, mashini ikawaka upya, na zile clé zikawa zimerudi kama mwanzo. Yaani marekebisho yangu ndiyo yakawa kosa! Nikageuza tena. Courant ikakatika tena. Siku ile mama alipata mpira, na madereva wakapata Kaaba. Nilisikia kwamba walikaa kimya mchana mzima, kofia mikononi, hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sijui kama umewahi kugombana na kitu kisichokuwa na masikio. Niliitukana ile mashini kwa Kiswahili, kwa Kinande, na kwa yale maneno ya Lingala tuliyoyapata kwa wanajeshi. Nilisoma kurasa na kurasa kwenye simu mpaka macho yakawasha. Kila mtu alikuwa na dawa yake na kila dawa iliponya siku moja. Mwishowe nikapanda gari kwenda Beni, begi la vyombo mapajani, nimenuna toka tunaondoka mpaka tunafika.

Bibi ya Hadji alinipokea kwenye lango na mdomo wake ule ule.

"Karibu, mama fundi. Leo umetuletea nini, mieleka?"

"Leo nimekuja kuivunja," nikasema.

"Uvunje, mais mama akikuuliza, utamujibu weye mwenyewe."

Mashini iko kwenye korido, mlangoni pa chumba cha mama, na mama hulala mlango wazi. Donc, basi, nikakaa chini kufanya kazi huku ananiangalia. Nilimsalimia kwa salamu yao, nikaikosea kidogo kama kawaida yetu Wakatoliki, akaniitikia bila kucheka. Kisha akaanza maswali, kwa Kiswahili cha kwetu, ambako ndiyo inakuwa njo.

"Ile ya kwangu njo numero ngapi?"

"Sifuri, mama."

"Sifuri?" Akanyanyua kichwa kutoka kwenye mto. "Nilizala batoto saba. Sifuri njo nani?"

"Mashini inaanza kuhesabu na sifuri, mama. Sifuri njo ya kwanza."

"Kumbe. Njo maana ile mashini hapana zala," akasema, akarudisha kichwa.

Bibi ya Hadji alicheka mpaka akajishika ukutani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika bisibisi na nilikuwa nimeanza kufikiri.

Lazima nieleze, kwa mtu ambaye hakukulia kwetu. Sisi Wanande, mtoto anapewa jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Wa kwanza ana jina la wa kwanza, wa pili ana lake, wa tatu vivyo hivyo. Ukiniambia jina lako najua ulifika wa ngapi tumboni kwa mama yako. Waislamu wetu pia, wana majina ya msikitini, lakini nyumbani mama anaita lile la zamu. Na zamu haigeuki. Mimi ni wa tatu. Wa pili wetu alikufa hata kutembea hajaanza, sikumjua, lakini hakuna siku hata moja niliyoitwa wa pili.

Ndiyo sababu nilikosea, na nilikosea kwa moyo wangu wote. Nilipoona mashini imeipa clé ya Makka numero sifuri, nikaichukua kama jina. Nikaona imezaliwa ya kwanza, basi ni ya kwanza mpaka kufa. Kumbe mle ndani hakuna anayezaliwa mara moja tu! Kila courant ikirudi, wote wanazaliwa upya, na anayelia kwanza ndiye mkubwa. Leo clé hii imechelewa kuamka, kesho ile. Mashini haikuwa imeharibika hata siku moja. Ilikuwa inahesabu foleni, na mimi nilikuwa nasoma ukoo.

Nilimweleza mama, kwa maneno yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni mabaya sana," akasema. Halafu akaongeza: "Ule wa kwanza alipokufa, batu bakakuya ku kilio. Bakamwambia wa pili: sasa weye njo wa kwanza. Nilibafukuza. Kiti ya wa kwanza hapana mutu ataikalia. Itabaki vile."

Bibi ya Hadji aliinama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Basi nikajua dawa. Numero za foleni nitazitupa. Nitaiambia mashini imtambue kila mmoja kwa alama yake mwenyewe, ile namba ambayo kiwanda kinaandika ndani ya kila clé ili isifanane na nyingine. Nikaingia ndani ya mashini, nikamuuliza wa kwanza alama yake. Akajibu. Nikamuuliza wa pili. Jibu ni lile lile. Nikamuuliza wa tatu, na nilipoliona jibu nikapiga ngumi sakafuni.

Zote tatu zilikuwa na namba moja! Kiwanda kilikuwa kimegonga muhuri mmoja kwa clé zote, wakaenda kula. Na yule aliyeniuzia Kasindi aliniapia kwa Mungu kwamba ni mali safi, nichague yoyote, zote ni sawa. Alisema kweli, mjinga yule. Zilikuwa sawa kuliko alivyojua. Nikatokwa na machozi pale koridoni, mtu mzima na bisibisi mkononi, na sikuyaficha.

"Sasa ni nini?" bibi ya Hadji akauliza, sauti imepoa.

"Zinafanana zote. Mashini haiwezi kuzitofautisha."

"Ni mapacha?"

"Ni mapacha watatu, na mama yao alikuwa kipofu."

Kutoka kitandani mama akasema, taratibu, kama anayeongea na dari: "Mi nilizala mapacha. Siku za kwanza nilibajua na kwenye balilala. Mumoja upande wa ukuta, mumoja upande wa mulango. Na ule alitangulia nikamufunga uzi ku mukono."

Nikafuta pua. Nikaitazama mashini kwa nyuma, yale matundu yake ya kuchomekea. Bwana! Tundu halihami. Tundu ni la chuma, limekaa mahali pake toka kiwandani, na mashini inalijua kila tundu kwa njia yake. Nikaandika upya: atakayekuwa kwenye tundu la juu, hata akiamka wa mwisho, huyo anaitwa "mama". La katikati, "saluni". La chini, "madereva". Majina, si numero tena. Mama akamtuma mkaza mwana wake akate uzi mweupe kwenye pindo la shuka, akaufunga kwenye clé ya Makka. Nikaona ni mambo ya wazee, nikaacha aufunge.

Nilichomoa waya wa courant mara saba. Mara saba mashini ilikufa ikafufuka, na mara saba kila picha ikaenda kwake. Mama alikuwa anahesabu na mimi. Ya saba akasema, "Yatosha, isichoke."

"Wasingya, mama," nikamwambia. Asante. Nikarudi Butembo.

Wiki nzima simu ilikaa kimya. Nilianza hata kumsifia mume wangu ile mashini, naye akaniambia nisiifurahie kwa sauti.

Zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya Arafa, simu ikalia.

"Fundi," bibi ya Hadji akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Mama iko na mpira."

"Courant ilikatika?"

"Hapana. Nilisafisha. Juu ya sikukuu. Vumbi ilikuwa mingi, nikatosha vyote, nikapanguza, nikarudisha."

"Umerudisha wapi?"

"Mu matundu."

"Tundu gani?"

"Matundu ni matundu, fundi!"

Nikavuta pumzi. Nikamwambia achukue clé yenye uzi aichomeke tundu la juu.

"Ya juu njo gani? Mashini nimeilaza. Ikisimama haipendezi."

"Basi niache niingie kwa internet nione. Ile modem inawaka?"

"Kile kidude ya antena mbili? Nimekifunga mu kabati."

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimuuliza kama na watoto wake anawatoa kitandani kuwapangusa halafu anawarudisha popote. Nilimwambia mama akifa bila kuona Arafa, ajue ni kitambaa chake cha vumbi. Kisha akasema, polepole, "Mi njo naoshaka ule mama kila siku, fundi. Weye unaoshaka nani?" Akakata.

Nikapiga tena, hakushika. Nikapiga mara kumi na mbili. Karakana nzima ilikuwa imesikia kelele zangu na sasa ilikuwa inasikia simu inaita bila jibu. Niliona haya, nasema wazi. Kesho yake nikaenda kutafuta gari, nikaambiwa barabara imefungwa, hakuna anayepita mpaka wanajeshi watoe ruhusa. Nikalala na begi limefungwa. Siku ya Arafa yenyewe, alfajiri, wakafungua, na nikapata nafasi kwenye gari la kwanza, katikati ya magunia ya maharagwe.

Nilifika Beni saa nne ya asubuhi. Bibi ya Hadji alifungua lango, akanitazama toka kichwa mpaka viatu, vumbi tupu.

"Nisamehe, dada," nikasema. "Nilikuwa na mdomo mubaya."

"Ulikuwa nao," akasema. "Ingia. Mama tangu asubuhi anauliza."

Mashini ilikuwa imelala, kitambaa cha kufuma juu yake, na chombo cha maua ya plastiki juu ya kitambaa. Nilitafuta ile clé yenye uzi, ilikuwa inaonekana kwa mbali, nikaona aibu ya pili, kwa sababu ule uzi wa mzee ulikuwa na akili kunipita mimi. Nilikuwa nimemwekea mtoto alama, nikasahau kukiwekea alama kitanda chake. Bibi ya Hadji akaleta rangi yake nyekundu ya kucha. Akapiga nukta moja kwenye tundu la mama, yeye mwenyewe, kisha nukta mbili kwenye la pili, tatu kwenye la tatu, na clé nazo vilevile, nami nikazirudisha kila moja kwake.

"Sasa ata mi nikisafisha," akasema.

Saa sita picha ilikuwa imetulia. Mama aliketishwa kwa mito mitatu, amevaa nguo nyeupe. Kilima kile kilionekana, na watu juu yake kama mchele uliomwagika. Tulikaa mkekani, mimi na yule niliyemtukana, bega kwa bega.

Saa saba na nusu courant ikakatika.

Sikupiga kelele. Nilisikia tu mama amevuta pumzi na hajaiachilia. Nje mtu alikuwa anavuta kamba ya groupe, jenereta ya nyumba, mara moja, mara mbili, mara tano, halafu ikanguruma. Kijitaa cha mashini kikawaka. Bibi ya Hadji akanishika mkono. Kioo cha mama kilikuwa cheusi, kikabaki cheusi, na mimi nilikuwa nasali kwa watakatifu wangu ndani ya nyumba ya Kiislamu. Kutoka hangarini tukasikia mtangazaji wa mpira, na madereva wakiguna. Madereva wamepata chao. Kutoka saluni, gitaa. Saluni wamepata chao.

Kisha kioo cha mama kikawa cheupe.

Mama aliachilia pumzi. Aliangalia muda mrefu, macho hayapepesi, kamera inapita juu ya maelfu, nguo moja, rangi moja, hakuna ambaye ungeweza kumtofautisha na mwenzake. Ghafla akanyanyua kidole.

"Ule pale," akasema, na akaita jina.

Lilikuwa jina la wa kwanza.

Mkaza mwana wake akainama juu yake, kwa upole. "Mama, ule wa kwanza hapana iko tena. Mwenye kuwa kule ni wa pili, bwana yangu."

"Mi najua wenye nilizala," mama akasema, macho hayatoki kwenye kioo. "Leo wa pili amekalisha yaya yake ku kiti yake. Mumuache akae."

Kidole chake kilibaki juu, kinafuata kitu ambacho kilikuwa kimekwisha kupita. Akanigeukia mimi, fundi wake.

"Unamuona?"

Nikamwambia ninamwona.